Barua ya wazi kwa Baba Askofu na Halmashauri Kuu: mwinjilisti wetu anakula nini?

Kwenu Baba Askofu, Katibu Mkuu, Mtunza Hazina Mkuu na wajumbe wote wa Halmashauri Kuu,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia kutoka kijiji kimoja cha tumbaku huku mkoani Tabora. Ni mzee wa kanisa mwaka wa kumi na tisa sasa, na mtunza hazina wa mtaa, yaani tawi la kanisa hapa kijijini, mwaka wa kumi na moja, kwa hiyo haya ninayosema sikuyaokota kijiweni, nimeyaandika mwenyewe kwa bik kwenye kaunta buku, Jumapili kwa Jumapili. Jina la kanisa letu silitaji. Nyie wenyewe mtajijua, barua zangu tatu mnazo. Halafu nimeongea na wenzangu wa madhehebu mengine ya zamani, hapa Tabora mpaka kule Kasulu na Kibondo, kilio ni kilekile, ukifuta jina la juu ukaandika lingine barua hii inaenda popote.

Nianze na kwanini nimeitoa hadharani maana najua hilo ndilo litawauma kuliko yote yaliyomo. Barua ya kwanza nilimpa mchungaji mkononi, akaisoma palepale, akaikunja, akasema mzee hili liko juu yangu. Ya pili ikaenda wilayani. Ya tatu niliipeleka mwenyewe makao makuu, nikapanda basi la saa kumi na moja alfajiri, ikagongwa mhuri wa kupokelewa na nakala ninayo. Miezi mitano kimya. Nikarudi tena, nikakaa kwenye benchi pale nje toka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana, yule dada wa mapokezi akanionea huruma akaniletea chai (Mungu ambariki), nikaambiwa Baba Askofu yuko safarini na Katibu yuko kikaoni, na wakati naondoka nikamuona Katibu anatokea mlango wa nyuma anaingia kwenye gari. Sio dhambi kutokea mlango wa nyuma, labda gari lilikuwa huko. Wiki mbili baadaye naitwa wilayani, nikavaa koti nikijua jibu limekuja, kumbe naitwa kuonywa kuwa mimi ni mchochezi. Haya, mchochezi ndo huyu anaandika.

Mambo yangu ni matano. La kwanza ndilo lililonitoa usingizini, mengine yote yananing'inia hapo.

1. Mwinjilisti wetu hajapata posho miezi kumi na nne.

Posho yenyewe ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Amri ya serikali ya mishahara ya mwaka 2022 ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake, yaani dada wa kazi anayekula na kulala hapohapo, kima cha chini cha 60,000. Mwinjilisti wetu ana mke na watoto wanne na ahadi yake iko chini ya dada wa kazi, na hiyo ahadi yenyewe haiji. Mara ya mwisho mlituma miezi miwili kwa mkupuo, kwenye simu, tukashangilia kama tumepata mvua. Tangu hapo basi.

Sasa mnajua anaishije? Anafanya kibarua cha kuvuna tumbaku kwenye mashamba ya waumini wake mwenyewe. Nyie mliokulia mjini pengine hamjawahi kuvuna tumbaku mbichi. Jani lina gundi, inakushika vidoleni inakuwa nyeusi kama lami, sabuni haitoi, wengine wanasugulia mchanga wengine ndimu na bado inabaki pembeni ya kucha. Mwezi wa pili mwaka huu alisimama madhabahuni, kanzu nyeupe mke wake kaipiga pasi vizuri kabisa, akafungua Biblia, kurasa zikagoma. Zimeshikana. Akawa anazibandua mojamoja kwa ukucha na sisi tumekaa tunaangalia, kanisa zima kimya, mpaka alipofika kwenye somo lake, na kila alipogeuza ukurasa kikabaki kidole cheusi kwenye karatasi. Hakusema kitu. Alihubiri vizuri sana siku ile kwa kweli. Mimi sikusikia hata neno moja, nilikuwa naangalia vile vidole.

Kuna siku tatu kati ya saba halimi, anazunguka. Anazika, anaombea wagonjwa, anafundisha kipaimara, anasuluhisha ndoa, anafungua kanisa na kufagia. Baiskeli ni yake, Phoenix ya zamani, na ikipata pancha kiraka ananunua mwenyewe. Mwaka juzi mlimuita semina ya siku tatu mjini kuhusu uongozi wa kimkakati, akakopa nauli kwa muuza duka, alivyorudi akatuletea kalamu yenye nembo. Nauli hajarudishiwa. Lile duka linanidai mimi sasa maana nilimdhamini.

2. Pesa inapanda tu, haishuki.

Mtasema mtaa hautoi. Mtaa wetu unatoa. Mwaka jana, naangalia daftari hapa, tulikusanya 2,870,000, sadaka za Jumapili na ahadi na mavuno na minada yote humo ndani. Asilimia arobaini ikapanda kwenu kama utaratibu unavyotaka, hiyo ni 1,148,000. Halafu ikaja michango ya maelekezo, ile ya barua zenye neno LAZIMA kwa herufi kubwa: gari, jubilei, ukumbi wa makao makuu, mkutano mkuu, zawadi ya kumuaga fulani, hiyo jumla 1,111,000. Tukabaki na 611,000 kwa mwaka mzima, humo tukatoa bati tatu zilizong'olewa na upepo, mkate na divai, na chakula na mafuta ya pikipiki ya mchungaji anapokuja.

Kwa utaratibu wenu wenyewe posho ya mwinjilisti inatoka kwenye mfuko wa pamoja huko juu, ndiyo maana tunapandisha asilimia. Posho yake kwa mwaka ni 480,000. Yaani ile asilimia peke yake, kabla sijagusa michango, ingemlipa yeye na mwinjilisti wa mtaa wa jirani na chenji ingebaki. Imeenda wapi? Nauliza kwa adabu kabisa. Sijamwita mtu mwizi. Ila miaka kumi na moja napeleka ripoti yangu kila robo mwaka, ikikosewa shilingi mia narudishiwa na kalamu nyekundu, na sijawahi hata mara moja kusomewa ripoti yenu.

Hizo pesa jamani zinatoka kwa nani. Nawapa mfano mmoja niache. Kwenye mnada wa mavuno bibi mmoja alileta kuku jike mwekundu. Mwalimu akamnunua 8,000 akamrudisha kama sadaka. Fundi baiskeli akamnunua 6,000, naye akamrudisha. Mara ya tatu kuku akapandishwa, bibi akavumilia akavumilia, mwisho akanyoosha mkono akamnunua mwenyewe kwa 5,000 kwa sababu ndiye kuku wake wa mayai na alishaanza kumuonea huruma anavyorushwarushwa. Kuku mmoja 19,000 na bado akarudi kulala kwao. Watu tulicheka mpaka machozi. Ila nilivyokuwa naandika ile 5,000 kwenye daftari nilijua ni hela ya chumvi na sabuni ya mwezi mzima, na nilijua asilimia arobaini yake inaenda wapi, na sio kwa mwinjilisti aliyekuwa amemshika yule kuku miguu.

Halafu neno la pembeni ambalo sijawahi kulisikia likisemwa kwenye kikao chochote cha kanisa: mvuta sigara tunamkemea mimbarani, lakini sadaka nono ya mwaka tunaingojea mwezi ambao Amcos, chama chetu cha ushirika, inalipa wakulima wa tumbaku. Barua zenu za michango nazo, nimechunguza, huwa zinakuja msimu huohuo wa masoko. Sijui theolojia ya hili jambo ikoje, waliosoma watatuambia.

3. Meza ya Bwana inakuja na mchungaji, na mchungaji haji.

Mchungaji wetu simlaumu, ana mitaa tisa na pikipiki moja inayokohoa. Mwaka jana tulipata Meza ya Bwana, ule mkate na divai ambao kwa utaratibu wenu anautoa mchungaji tu, mara mbili. Mwezi wa kumi na mbili mama mmoja, mjane, aliyeimba kwaya tangu siku zile kwaya ilikuwa haina hata ngoma, alikuwa anaondoka, tulijua sote anaondoka, akaomba ashiriki mara ya mwisho. Mwinjilisti alipiga simu. Mchungaji alikuwa ng'ambo ya mto, mvua zimekata barabara. Tukaimba, tukaomba, mwinjilisti akamshika mkono. Yule mama akauliza mara mbili, "Mkate umekuja?" Hatukuwa na la kumjibu. Alifariki Alhamisi, mchungaji akafika Jumamosi kwenye maziko na kale kasanduku kake ka vyombo vitakatifu.

Mkate ulikuwepo kijijini. Divai ilikuwepo kwenye kabati langu. Mwinjilisti aliyembatizia wajukuu kwa ruhusa ya dharura alikuwepo amekaa kitandani. Kilichokosekana ni karatasi yenye sahihi yenu.

Na msiniambie hilo haliwezekani katika Uprotestanti maana ndipo tulipoanzia. Luther mwaka 1520 aliandika kwamba kila aliyebatizwa ni kuhani mbele za Mungu. Ndugu wa Herrnhut, yaani Wamoraviani wa Ujerumani, walipotuma wamisionari wao wa kwanza mwaka 1732 kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas kule Karibi hawakutuma madaktari wa theolojia, walimtuma Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Hapa kwetu Urambo injili ilifika 1879 kwa mtu wa London Missionary Society, Ebenezer Southon, aliyekuwa tabibu, Mtemi Mirambo akampokea, mwaka 1882 risasi ikampiga mkononi kwa bahati mbaya akafa kwa jeraha hilo. Mwaka 1898 Wamoraviani wakaichukua ile kazi. Na toka hapo mkoa huu ulihubiriwa na nani? Walimu wa vijijini, darasa la nne, kwa miguu, na wengi majina yao hayapo hata kwenye kibao. Uamsho ule uliotokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Afrika Mashariki nzima mpaka Kigoma, ulibebwa na watu wa kawaida wanaotubu na kushuhudia barazani. Sisi watoto wa wafinyanzi na maseremala leo tunamwacha mjane afe anauliza mkate kwa sababu mfinyanzi wetu hana cheti.

4. Vijana.

Hili nimelisikia kwenye kila mkutano mkuu, eti vijana wanaondoka kwa sababu ya ngoma na vyombo. Tukanunua kinanda na spika mbili. Bado wakaondoka. Sasa mimi nina mtoto aliyeondoka, nilimuuliza kama baba, bila kumgombeza, akaniambia "Baba, kule nikikosa Jumapili mbili mtu ananipigia simu. Kwetu nilikosa miezi saba, aliyenitafuta ni wewe mtunza hazina unadai ahadi." Nilinyamaza. Alikuwa anasema kweli.

Simaanishi huko walikoenda ni peponi. Kuna wanakouziwa maji na mafuta na kitambaa, na kuna kijana hapa aliuza pikipiki ya boda akatoa sadaka wanayoiita mbegu na sasa anatembea kwa miguu anasubiri muujiza. Hilo tunalijua na tunalicheka. Lakini yule mtume wa maji ya chupa anakesha nao usiku, anajua majina yao, anajua nani hana kazi. Sisi tunawajua kwa namba ya bahasha ya sadaka.

Na jinsi tunavyotenga watu. Binti akipata mimba anatengwa, anakaa benchi la nyuma, mtoto habatizwi mpaka atubu mbele ya kanisa. Kijana aliyempa yuko kwaya anaimba besi. Nimekaa kwenye hivyo vikao na nimenyoosha mkono kukubali, zaidi ya mara moja, kwa hiyo hapa najishitaki na mimi. Kati ya mabinti niliowanyooshea mkono hakuna aliyerudi mwenyewe hata mmoja.

5. Kesi na viwanja.

Hili silirefushi. Kila mwaka tunasikia kesi, huyu kamshitaki yule kuhusu uchaguzi, kiwanja cha misheni kimeuzwa hakijauzwa, mawakili wanalipwa. Wakili hafanyi kazi kwa wito. Yeye analipwa kwa wakati.

Najua mtakachojibu, nimekaa na nyie miaka mingi, basi niwapunguzie kazi.

Mtasema kazi ya Mungu ni wito, mwinjilisti asiangalie pesa. Sawa, na nyie wito wenu mbona una mshahara? Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba wanaoihubiri injili wapate riziki kwa hiyo injili, na akatumia mfano wa ng'ombe anayepura nafaka, mnaujua, ndio mnaotusomea wiki ya uwakili, ile ya kuhimiza utoaji. Mtume mwenyewe alishona mahema ni kweli, ila alichagua yeye, hakuna aliyemnyima halafu akamwambia ni wito.

Mtasema wafadhili wamepungua. Kweli wamepungua na watazidi kupungua, hili ndilo nataka mlisikie vizuri kuliko yote. Ujerumani, ambako makanisa yetu mengi yanaangalia, waumini wanalipa kodi ya kanisa inayokatwa pamoja na kodi ya serikali, na wanajitoa kwa wingi kila mwaka. Takwimu zilizotoka mwaka 2022 zilionyesha kwa mara ya kwanza Wakatoliki na Waprotestanti wa kanisa lao kuu wakijumlishwa pamoja wako chini ya nusu ya watu wa nchi ile. Wazee wanazikwa, wajukuu hawaji. Hiyo hela haitarudi. Mchungaji John Gatu wa Kenya alishasema mwaka 1971 kwamba wamisionari na pesa za nje zisimame kwa muda ili Afrika ijifunze kusimama yenyewe, akaonekana mkorofi, na mimi wakati ule ningemuona hivyohivyo. Zaidi ya miaka 50 imepita bado tunaandika proposo za kuomba wafadhili. Sasa kama mfadhili wa Ulaya anaondoka mfadhili aliyebaki ni nani kama sio bibi wa kuku mwekundu? Na anayewaandikia barua kwa niaba yake mnamuita mchochezi?

Mtasema mtaa wenu haujitoshelezi, uunganishwe na mwingine. Nimesali Ulyankulu mara mbili tatu kwa watu waliokuja wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972, wengi wao sasa ni raia wenzetu, walifika hawana hata godoro, nimekuta kanisa la matofali waliyofyatua wenyewe na mchungaji ana shamba analolimiwa na waumini kwa zamu. Hakuna mfadhili pale. Kilichopo ni kwamba wanachokitoa wanakiona. Sisi hatujitoshelezi kwa sababu ndoo ina tundu juu, ndo mara ya kwanza naona ndoo inayovuja kwenda juu.

Na mtasema mambo ya kanisa yasitolewe nje. Nilianzia ndani. Nina mhuri wenu.

Basi tunachoomba ni hiki, tumekaa wazee saba na akina mama wawili wa kamati, tukakubaliana, wameniambia niandike:

Kwanza, mwinjilisti alipwe deni lake lote, 560,000, kabla ya Krismasi. Sio kwa awamu, awamu tunazijua.

Pili, kuanzia mwaka mpya posho yake ikatwe hukuhuku mtaani kabla asilimia haijapanda, na iwe 80,000. Tumepiga hesabu inawezekana, mtaa ukibaki na chake. Na kila mwinjilisti apewe mkataba wa maandishi, hata ukurasa mmoja, na aandikishwe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Wa mtaa wa jirani alitumika miaka thelathini na moja, anauza mkaa sasa.

Tatu, hesabu zenu, mapato na matumizi, zisomwe kwenye kila mtaa mara moja kwa mwaka na zibandikwe mlangoni, kama sisi tunavyobandika zetu. Karatasi moja tu, kwa Kiswahili, yenye namba tunazozielewa.

Nne, wainjilisti waliofundishwa wapewe kibali cha kupeleka Meza ya Bwana kwa wagonjwa. Sisemi wawe wachungaji kwa mlango wa nyuma. Nasema mtu asife akiuliza mkate.

Tano, michango ya LAZIMA isimame miaka miwili. Gari lililopo linatembea, nimeliona.

Habari ya vijana siwaombi nyie kitu, hiyo ni kazi yetu. Tumeshaanza, akina mama wamegawana majina, kila mmoja ana vijana kumi wa kuwatafuta na marufuku kutaja ahadi. Wale mabinti pia wametafutwa. Wawili wamekuja. Mmoja alikuja na mtoto wa miaka mitatu, mwinjilisti akambatiza mbele ya kanisa zima bila benchi la nyuma, na kama kwa hilo kuna barua ya onyo inakuja iandikwe kwa jina langu sio lake.

Wakati tunasubiri majibu, asilimia ya mtaa wetu hatujaizuia na hatujaila, msije mkaambiwa hivyo. Tumeiweka. Tumetengenezewa sanduku la mninga na seremala wetu, lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja ninao mimi, mmoja yuko nao mama mwenyekiti wa akina mama, wa tatu tumeuacha kwa ajili ya mtu mtakayemtuma, yeyote, hata yule dada wa mapokezi. Aje na karatasi ya hesabu tu, tutafungua pamoja, tutahesabu pamoja, na kuku tutachinja, ila sio yule mwekundu. Mvua zikianza gari dogo halipiti pale mbugani, kwa hiyo afike kabla ya mwezi wa kumi na moja haujakolea, na akishuka kwenye basi apige simu, mwinjilisti atamfuata na baiskeli.

Wenu katika Kristo,

Mzee wa kanisa na mtunza hazina wa mtaa,
Mkoa wa Tabora

Nakala: Mchungaji wetu (najua unaisoma kwenye simu mchungaji, usiogope, sijakutaja). Wazee wa mitaa yote tisa. Ubao wa matangazo, mlangoni.